Mausi Inarukaruka, Kibodi Inakula Herufi: Jaribu Haya Kabla ya Kutoa Hela

Mausi isiyo na waya ikianza kurukaruka au kuganda, au kibodi ikiwa inameza herufi na kurudia nyingine mara tatu, usikimbilie dukani. Fundi naye msubirishe kidogo. Mara nyingi tatizo hili huisha kwa shilingi mia kadhaa, au bila kutoa chochote. Likigoma kuisha, dawa ya bei nafuu kuliko zote ni waya.

Nawaandikia wenye steshenari za Tarime mjini na Sirari, wanaojaza fomu za forodha pale mpakani, wahasibu wa shule na vituo vya afya vya Nyamwaga na Nyamongo, na waliopo ofisi za Mugumu na kambi za watalii upande wa Ikoma. Kwenu hitilafu ya kibodi inauma kuliko inavyoonekana. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Kibodi ikirudia moja tu, fomu ya mkopo wa HESLB au maombi ya kazi kwenye Ajira Portal yanagoma, mteja anarudi analalamika, na karatasi mlizokwisha kuchapa ni hasara yenu.

Bei nitakazotaja ni za kawaida kwa maduka ya miji yetu. Hupanda na kushuka, kwa hiyo zitumie kuanzia mazungumzo na muuzaji.

Anza na meza, maana meza ni bure. Chini ya mausi kuna taa na kamera ndogo inayopiga picha za kile ilichokalia, zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde, kisha inazilinganisha ili kujua mkono umekwenda wapi. Kwenye kaunta ya kioo kamera hiyo haioni alama yoyote ya kushika, na mshale unaruka hovyo. Steshenari nyingi zina kaunta za kioo, na mausi nyingi nzima zimetupwa kwa sababu hiyo tu. Weka jalada la daftari au karatasi ya A4 chini yake, ujaribu. Pedi ya dukani ni 2,000 hadi 5,000, lakini jalada la daftari linafanya kazi ileile. Kisha igeuze mausi uchungulie kitundu cha taa. Msimu wa kiangazi, vumbi la barabara likitua humo, au unywele mmoja ukinasa, mshale hutetemeka wenyewe. Futa kwa pamba kavu. Usitumie maji.

Baada ya meza ni betri, na hapa ndipo hela nyingi hupotea bila mtu kuona.

Betri ikichoka, mausi haizimiki ghafla. Kwanza mawimbi yake hudhoofika: inafanya kazi ukiwa karibu, inakatika ukisogea. Kibodi nayo huanza kuchelewesha herufi. Watu wengi hudhani kifaa kimekufa, kumbe betri ndiyo iliyokwisha. Weka betri mpya kabla ya kufikiria jambo lingine lolote, na usichanganye mpya na ya zamani, kwa sababu dhaifu huivuta chini nzima.

Sasa, betri gani? Soma herufi ndogo zilizoandikwa ubavuni, uachane na maneno makubwa ya kusifu nguvu. Betri za ukubwa wa saa ya ukutani zikiandikwa R6 ni za zinki na kaboni, zile za bei rahisi. Zikiandikwa LR6 ni alkalini. Kwa zile nyembamba za rimoti, ni R03 na LR03. Hiyo herufi L ndiyo unayoilipia.

Pea ya zinki hupatikana kwa 500 hadi 1,000. Pea ya alkalini ni 2,500 hadi 5,000. Alkalini hubeba umeme mara tatu hivi ya ile ya zinki, kwa hiyo kwa hesabu ya umeme peke yake, alkalini ya 5,000 haikulipi, na ya 2,500 inakulipa tu ukiilinganisha na zinki ya 1,000. Lipo la pili: betri ya zinki hula ganda lake yenyewe kadiri inavyotumika, na mwishowe huvuja. Maji yake yakigusa springi za mausi, zinaota kutu na kifaa kinakufa. Alkalini nayo huvuja ikiachwa imekufa ndani kwa miezi. Ofisi ikifungwa kwa likizo, toa betri zote. Ni kazi ya dakika moja inayookoa kifaa cha 40,000.

Betri za mnadani zikague tarehe. Za bei ya kutupa mara nyingi zimekaa juani na kwenye magunia muda mrefu, na zimekwisha kupungua nguvu kabla hujazifungua.

Za kuchaji zinafaa kwa mwenye vifaa vitatu au zaidi. Chaja pamoja na betri zake ni 20,000 hadi 30,000, na kwa mwenye mausi moja hela hiyo hairudi haraka. Kambi yenye umeme wa jua na vifaa vingi vya betri ikizinunua haitajuta. Jua tu kwamba betri hizo ni volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo alama ya betri kwenye skrini inaweza kuonyesha zimepungua hata zikiwa zimejaa.

Betri mpya, karatasi chini ya mausi, na bado inaruka? Tazama kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye USB. Hicho ndicho kipokezi. Kinazungumza na mausi kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, na njia hiyo ina msongamano: Wi-Fi hupita hapo, Bluetooth hupita hapo, hata jiko la maikrowevu huvujisha mawimbi yake hapohapo.

Adui mkubwa zaidi, na asiyejulikana sana, yuko ndani ya kompyuta yenyewe. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha ripoti ya kiufundi iliyoonyesha kwamba USB 3.0, yale matundu ya kasi ambayo mara nyingi huwa na plastiki ya bluu, hutoa kelele ya mawimbi inayoangukia pia kwenye gigahezi 2.4. Ukichomeka flashi au diski ya nje kwenye tundu la bluu na kipokezi kikawa jirani yake, mausi inaanza kukwama mara tu unaponakili mafaili. Ukimaliza kunakili, inapona. Ukiona dalili hiyo usinunue mausi nyingine, kwa maana nayo itafanya hivyohivyo.

Dawa ya kwanza ni bure: hamishia kipokezi kwenye tundu jeusi, mbali na la bluu. Dawa ya pili ni waya mfupi wa kurefusha USB, wa 3,000 hadi 5,000, ili kipokezi kikae juu ya meza karibu na mkono wako. Kama ni lazima utoe hela leo, ianzie hapo. Kwa kompyuta za mezani ambazo boksi lake la chuma liko chini ya meza na kipokezi kimechomekwa nyuma, waya huo husaidia kuliko mausi mpya ya bei yoyote, kwa sababu chuma huzuia mawimbi. Mita 10 zilizoandikwa kwenye pakiti ni za mahali pasipo na kizuizi wala kelele.

Ruta ya Wi-Fi au simu inayogawa intaneti isikae kando ya kipokezi. Isogeze mita moja au mbili. Ruta ikiwa na uwezo wa gigahezi 5, ihamishie huko. Na penye kompyuta nne zenye seti za aina moja, bandika karatasi yenye namba kwenye kila kibodi, kila mausi na kila kipokezi. Vidude hivyo vikichanganyika wakati wa usafi, utaona mausi ya meza hii inasukuma mshale wa meza ile, na utadhani ni kirusi.

Kuna hitilafu moja ya Windows ya kuangalia. Ikiwa mausi inaganda kila ukikaa dakika kadhaa bila kuigusa, kisha inachelewa kuamka, huenda kompyuta inazima USB ili kubana umeme. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua Device Manager, shuka hadi kwenye orodha ya USB, fungua kila mstari ulioandikwa USB Root Hub, nenda kwenye ukurasa wa Power Management na uondoe alama ya tiki inayoruhusu kuzima. Gharama yake ni sifuri. Kompyuta mpakato itakula chaji kidogo zaidi.

Kisha fanya jaribio ambalo fundi mkweli angelifanya kwanza. Azima mausi ya waya kwa jirani, ichomeke. Ikiwa nayo inakwama, mausi yako haina kosa: kompyuta imelemewa, labda inashusha masasisho au diski yake inachoka. Ikiwa ya waya inateleza vizuri, chukua ile isiyo na waya uijaribu kwenye kompyuta nyingine. Ikifanya kazi huko, tatizo ni tundu la USB au mahali ulipokaa. Ikigoma huko pia, imekufa. Na kama unabonyeza mara moja inafungua mara mbili, swichi ndogo ya kitufe imechakaa. Betri haihusiki wala mawimbi. Kwa mausi ya 15,000 usilipie matengenezo hayo.

Nasisitiza jaribio hili kwa sababu ya gharama iliyojificha kuliko zote: kupiga Windows upya. Ni jibu la haraka la baadhi ya mafundi kwa kila ugonjwa wa kompyuta. Utalipa 15,000 au 20,000, utapoteza programu zako, na mwenye bahati mbaya atapoteza pia mafaili ya wateja na hesabu za mwaka. Betri iliyochoka itabaki imechoka. Kabla ya kukabidhi kompyuta, uliza mambo mawili: kuangalia tu ni bei gani, na nisipotengeneza nalipa nini? Mwambie pia, bila kumvunjia heshima, "Fundi, usipige Windows kabla hujanipigia simu." Na uhifadhi mafaili yako kwenye flashi kabla hajaigusa.

Sasa tuseme imekufa kweli. Ununue nini?

Kwa meza isiyohama, nunua ya waya. Sioni sababu ya steshenari, duka la wakala au ofisi ya mtendaji kulipia kutokuwa na waya. Mausi ya waya ni 5,000 hadi 10,000, kibodi ya waya 10,000 hadi 20,000. Seti isiyo na waya ni 35,000 hadi 60,000. Fanya hesabu ya miaka miwili. Seti ya waya tuseme 25,000, basi. Seti isiyo na waya tuseme 40,000, na betri za 1,000 kila mwezi mmoja na nusu, ambazo kwa miezi 24 ni 16,000. Ongeza waya wa kurefusha wa 4,000. Umefika 60,000, na hujapoteza kipokezi bado. Tofauti ya 35,000 inakununulia rimu kadhaa za karatasi.

Waya una kasoro zake. Hukatika shingoni, pale unapotokea kwenye mausi, hasa ukizungushwa kwa nguvu kila jioni. Panya wa stoo wanaupenda. Kabla ya kulipa, upinde waya shingoni huku mausi ikiwa imechomekwa: taa ikizimika, rudisha. Angalia pia ncha. Kwenye maboksi ya vitu vilivyotumika bado kuna mausi na kibodi zenye ncha ya duara ya zamani, na kompyuta nyingi za sasa hazina tundu hilo. Bei yake ni tamu, ila haitakufaa.

Wanaostahili kulipia kutokuwa na waya ni mwalimu anayefundisha kwa projekta akizunguka darasani, na mtu wa safari anayefungua kompyuta leo Mugumu, kesho Musoma. Hata hao mara nyingi wanahitaji mausi tu. Kibodi ya kompyuta mpakato ipo tayari. Na kama hiyo ya ndani imeharibika, linganisha: kuibadilisha, kwa kifaa kinachoagizwa Mwanza pamoja na ufundi, kunaweza kufika 40,000 hadi 80,000. Kibodi ya waya ya 15,000 pembeni inakufikisha mwisho wa mwaka, mradi unafanyia kazi mezani.

Mausi zisizo na waya nazo zina madaraja. Ya jina lisilojulikana ni 10,000 hadi 20,000. Ya kampuni inayojulikana, 30,000 hadi 50,000. Ya bei ndogo ikipoteza kipokezi chake imekwisha, kwa sababu viwili hivyo vimeoanishwa kiwandani na huuziwi kipokezi peke yake. Baadhi ya kampuni kubwa huuza kipokezi cha kuoanisha upya, lakini mpaka kikufikie kutoka Dar es Salaam utakuwa umekaribia bei ya mausi mpya. Mausi nyingi zina kijishimo cha kukihifadhia ndani ya nyumba ya betri. Kitumie kila unaposafiri.

Zile zenye betri ya ndani ya kuchaji huvutia, kwa kuwa hununui betri. Kwa mwaka wa kwanza ni kweli. Betri hiyo ikichakaa, haitolewi kirahisi, na unatupa mausi nzima. Nunua tu ikiwa inaendelea kufanya kazi huku ikiwa imechomekwa kwenye chaji. Zipo ambazo tundu la chaji liko tumboni, hivyo ikiwa inachajiwa hushiki kazi.

Ya Bluetooth haihitaji kidude, na tundu la USB linabaki huru. Lakini kompyuta nyingi za mezani za zamani hazina Bluetooth, na adapta yake utainunua pembeni. Zaidi ya hapo, mara nyingi kifaa cha Bluetooth hakifanyi kazi kabla Windows haijawaka. Siku kompyuta ikigoma kuwaka, fundi atahitaji kibodi ya waya hata hivyo.

Mawakala wa pesa, na wote wanaoandika nywila za wateja, nawaomba msome aya hii mara mbili. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya usalama ya Bastille, Marekani, walionyesha kwamba kibodi za bei rahisi zisizo na waya kutoka kwa watengenezaji 8 zilikuwa zinarusha kila herufi hewani bila kuifumba. Mtu mwenye kifaa kinachofaa angeweza kuzisoma akiwa futi 250, karibu mita 76. Umbali huo unatosha kutoka upande mmoja wa stendi hadi mwingine. Mapema mwaka huohuo walikuwa wamekwisha onyesha kwamba baadhi ya vipokezi vya mausi hukubali herufi zinazorushwa na mtu mwingine. Kama pakiti haisemi kwamba mawasiliano ya kibodi yanafumbwa, usiitumie kuandikia nywila za benki au za mteja. Kibodi ya waya ya 10,000 haina tatizo hili.

Wapi pa kununulia? Tarime mjini iko kwenye barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, mzigo unafika kirahisi, na duka utalirudia kesho kifaa kikisumbua. Ukaribu huo una thamani ya 2,000 au 3,000 za nyongeza. Kuvuka kwenda Isebania kunavutia bei ikitajwa kwa shilingi ya Kenya, kwa kuwa namba ni ndogo. Ongeza kinachopotea kwenye kubadilisha fedha kwenda na kurudi, na bodaboda. Kwa mausi moja, faida huyeyuka. Na anayefikiria kuvusha kumi za kuuza asidanganywe na utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi za Jumuiya. Mausi iliyotengenezwa China haimo.

Mwenzangu wa Mugumu ana hesabu nyingine. Uchaguzi dukani ni mdogo, na nauli ya kwenda na kurudi Musoma au Tarime inaweza kuzidi bei ya kifaa. Usisafiri kwa ajili ya mausi. Agiza kwa mtu anayekwenda kwa shughuli zake, au kwa basi, na uulize bei yote kwa mkupuo: kifaa, kifurushi cha basi, makato ya kutuma pesa, na ya kutolea, maana muuzaji mara nyingi hukutaka "utume na ya kutolea". Mausi ya 8,000 hufika Mugumu ikiwa 14,000 kwa njia hiyo. Kwa sababu hiyo agiza mbili za waya kwa pamoja. Gharama ya kifurushi haiongezeki sana, na ya akiba itakaa kabatini.

Popote utakaponunua, mwambie muuzaji, "Kaka, naomba tujaribu hapahapa." Fungua ukurasa wa kuandikia, bonyeza kila kitufe cha kibodi kimoja kimoja, mstari kwa mstari, pamoja na namba zote za pembeni. Zungusha gurudumu la mausi juu na chini. Ikiwa haina waya, rudi nyuma hatua tatu ujaribu tena, na uulize kama betri zilizomo ndani ya boksi ni sehemu ya bei. Dai risiti ya EFD, na muda wa kubadilishiwa uandikwe juu yake kwa kalamu. Muuzaji anayekataa kukuruhusu kujaribu amekwisha kukueleza unachotaka kujua kuhusu bidhaa yake.

Na kama leo ndiyo siku ya mwisho ya fomu, kibodi inameza herufi na hakuna duka lililo wazi, bonyeza Windows, Ctrl na herufi O kwa pamoja. Kwenye Windows 10 na 11, kibodi itatokea kwenye skrini na utaibonyeza kwa mausi. Ikiwa mausi ndiyo iliyokufa, bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock, ukubali, kisha sogeza mshale kwa namba za pembeni ya kibodi: 8 juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia, na 5 ndiyo ya kubofya. Ni polepole, lakini fomu itakwenda, na kesho asubuhi utanunua ukiwa umetulia.